Umemaliza PhD ya fizikia: postidoki, data, chipu, hospitali au jotoardhi?

Hii naiandikia wale walioko mwaka wa mwisho wa PhD ya fizikia, iwe uko Ujerumani au Uholanzi kwenye maabara yenye kila kitu, iwe uko Nairobi, Dar au Kigali unasubiri mtahini wa nje arudishe tasnifu, na kila ukienda nyumbani unaulizwa "sasa ukimaliza hiyo utafanya kazi gani" na jibu huna. Wengi nawaona wanalinganisha kwa mshahara peke yake, wengine kwa jina la kazi, mi naona vyote viwili vinapotosha. Anza na hili: ile namba utakayokuwa unaitoa kila siku, nani anaisubiri, na akishaipata anafanya nayo nini? Siku zako zitaishia huko. Hela, viza na suala la kurudi chuoni baadaye navyo nitavigusa, ila baada ya hilo.

Mnijue na mimi ninapotokea: PhD yangu ilikuwa ya utando mwembamba wa seli za sola, sa hivi niko kwenye kampuni ya vifaa vya kupimia kwa mwanga huku Ujerumani. Kwa hiyo upande wa vifaa naujua kwa kuuishi, pande nyingine nazijua kupitia watu niliosoma nao ambao tunaongea karibu kila wiki.

Postidoki kwanza

Postidoki ni kazi ya utafiti ya mkataba wa muda baada ya PhD. Naanza nayo kwa sababu ndiyo inayokuja yenyewe, msimamizi wako anamjua mtu, yule mtu ana mradi, unahama mji na maisha yanaendelea kama jana. Uzuri wake ni kwamba swali ni lako au karibu liwe lako, na muda wa kulifikiria upo. Namba yako inasubiriwa na kikundi kidogo cha watu duniani wanaofanya kitu kilekile, wawili watatu kati yao ndio watakaoipitia pepa yako. Kuna watu hiyo inawatosha kabisa na nawaheshimu sana, fizikia yote tunayoifundisha imetoka kwa watu wa namna hiyo.

Hela si mbaya kama watu wanavyosema. Ujerumani postidoki analipwa daraja la mshahara la E13, anayeanza anapata zaidi ya euro 4,500 kwa mwezi kabla ya makato, na ukiwa huna mke wala mume wala mtoto kodi na bima zinaondoka na zaidi ya theluthi. Unaishi. Tatizo ni saa inayotembea. Sheria yao ya mikataba ya wanasayansi ya mwaka 2007 inaruhusu miaka 6 ya mikataba ya muda kabla ya PhD na miaka 6 mingine baada yake, ikiisha hiyo chuo kikupe ajira ya kudumu au ukae kwenye hela ya mradi kutoka nje, au uondoke. Mwaka 2021 watafiti wa huku walipiga kelele mitandaoni kweli kweli kuhusu hiyo sheria na walikuwa na haki. Sasa fikiria mtu wetu, wengi tunamaliza PhD tukiwa na 33 au 35 kwa sababu tulifundisha kwanza au tulisubiri ufadhili, ukifanya postidoki mbili za miaka miwili miwili umeshakaribia 40, na mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania kila mkataba mpya ni foleni mpya ya kibali.

Maoni yangu: postidoki moja ni sawa, hasa kama inakupa kitu cha mkononi ambacho PhD haikukupa, kufanya kazi kwenye chumba kisafi cha kutengenezea chipu, leza za mapigo mafupi, hesabu za kompyuta kubwa. Ya pili ichukue tu kama unaiona kabisa nafasi ya kudumu mbele yake. Ya tatu kwa sababu tu hujajua pa kwenda, hapana, usijifanyie hivyo.

Data na chipu

Hizi mbili watu wanazitaja pamoja kwa sababu zote zinasemwa zinalipa, lakini ukiziweka pembeni kwa pembeni hazifanani hata kidogo.

Chukua data ya mikopo ya simu, maana ndiko wengi wa Nairobi wanakoingilia. M-Pesa imeanza 2007, M-Shwari ikaja 2012, Fuliza 2019, na nyuma ya huduma za namna hiyo kuna watu wanakaa na modeli inayosema huyu mpe 2,000, huyu mpe 500, huyu usimpe. Hapo mwanafizikia ana kitu cha kweli cha kuleta na nitakionyesha. Modeli inafundishwa kwa watu waliokopeshwa, wakalipa au hawakulipa. Wale walionyimwa je? Hujui wangelipa au la, hawamo kwenye data kabisa, kwa hiyo modeli inajifunza dunia ambayo yenyewe ndiyo iliyoichuja. Wewe uliyewahi kusahihisha vipimo kwa sababu kigunduzi chako hakioni chembe za nishati ndogo utaliona hilo wiki ya kwanza, mwenzako aliyejifunza kwa kozi za mtandaoni anaweza kukaa nalo mwaka mzima bila kulihisi. Na namba yako inasubiriwa na meneja wa mikopo kesho asubuhi, afu nyuma yake kuna mama wa genge anayetaka kununua nyanya saa kumi na moja alfajiri. Ukikosea kwa upande mmoja kampuni inapoteza, ukikosea kwa upande mwingine mama hana biashara siku hiyo. Mi naiona ni kazi nzito yenye maana, anayeidharau kwamba "siyo fizikia" hajaiangalia vizuri.

Ila jiandae. Hakuna atakayekuuliza fizikia. Jibu linatakiwa Alhamisi, na Alhamisi likiwa nusu linachukuliwa hivyo hivyo nusu. Python unayo, sawa, lakini SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, wengi wetu hatuna, na kwenye interviu ndiyo wanaanza nayo, mtu anakaa mbele yako anakwambia toa wateja waliokopa mara tatu mfululizo bila kuchelewa, andika hapa sasa hivi. Pia hiyo PhD haikupandishi bei peke yake kwa sababu unashindana na vijana wa takwimu na kompyuta wenye miaka 25 wanaoandika programu safi zinazosomeka na mtu mwingine, wakati zetu za tasnifu zinaeleweka na aliyeziandika tu. Faida kubwa ni kwamba kazi hii ipo kwenu: benki, simu, bima, mashirika ya afya, Nairobi, Dar, Kigali, Kampala, na ukichoka na mikopo unahamia sekta nyingine na ujuzi wako begani.

Chipu sasa. Hapa fizikia ipo mpaka inamwagika. Mfano mzuri ni mashine za kampuni ya ASML kule Veldhoven, Uholanzi, zinazochora saketi za chipu kwa mwanga wa urefu wa mawimbi wa nanomita 13.5. Mwanga huo haupatikani kwenye taa, wanadondosha matone ya bati yaliyoyeyuka, kama 50,000 kwa sekunde, kila tone linapigwa na leza mara mbili, pigo la kwanza linalifanya bapa na la pili linaligeuza plasma, plasma ndiyo inayotoa ule mwanga. Hewa inaumeza, kwa hiyo njia nzima ni ombwe, na lenzi za kawaida nazo zinaumeza, kwa hiyo kila kitu kinafanywa kwa vioo vinavyotengenezwa na Zeiss Ujerumani. Mtu wa plasma ana kazi hapo, wa optiki, wa ombwe, wa joto, wa uchambuzi wa mitetemo. Namba yako inasubiriwa na mhandisi wa timu ya pili, meza ya jirani, naye ana wa kumsubiri, na mwisho wa mnyororo kuna mashine yenye ukubwa wa basi inayopakiwa kwenye ndege.

Wewe lakini utakuwa na kipande. Kioo kimoja, kihisi kimoja, kosa moja la joto kwenye kihisi kimoja, miaka miwili. Wengine inawachosha, mi inanifaa kwa sababu napenda kukijua kitu kimoja mpaka mwisho wake. Na kuchapisha karibu usahau, kinachotoka ni hataza na ripoti za ndani.

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote kati ya hizi mbili ni mahali. Ukichagua chipu umechagua kuishi Eindhoven ya Uholanzi, Dresden ya Ujerumani, Hsinchu ya Taiwan au Arizona ya Marekani, hilo lisemwe wazi mezani na mwenzi wako na wazazi kabla hujasaini. Dresden kuna Infineon, Bosch, GlobalFoundries, na kiwanda kipya cha TSMC, kampuni ya chipu ya Taiwan, na washirika wake kilianza kujengwa Agosti 2024. Kwetu kuna juhudi ndogo kule Nyeri, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, naifuatilia kwa moyo wote ila kwa sasa huwezi kupangia maisha yako hapo. Marekani kazi nyingi za vifaa, hasa zinazogusa ulinzi, zinataka raia au mwenye makazi ya kudumu kwa sababu ya sheria za udhibiti wa teknolojia, soma tangazo mpaka chini kabla hujapoteza wikiendi kuandika barua.

Viza kwa haraka. Ujerumani ukihitimu huko unapewa mpaka miezi 18 ya kutafuta kazi, Uholanzi kuna mwaka mmoja wa kutafuta na hata aliyefanyia PhD nje anaweza kuupata kama chuo chake kimo kwenye orodha ya vyuo 200 bora duniani, Uingereza mwenye PhD anapata miaka 3. Marekani ni miezi 12 na nyongeza ya 24 kwa watu wa sayansi, baada ya hapo kampuni inakuingiza kwenye bahati nasibu ya viza ya kazi ya H-1B yenye nafasi 85,000 kwa mwaka, wakati vyuo vikuu haviingii kwenye hiyo bahati nasibu, na hapo ndipo watu wengi wanabaki postidoki bila kupenda. Kadi ya Bluu ya Ujerumani, kibali cha kazi cha wageni wenye digrii, mwaka 2025 ilitaka mshahara wa euro 48,300 kwa mwaka, kwa waliohitimu karibuni kama 43,760, na ukiwa nayo unaweza kuomba makazi ya kudumu baada ya miezi 27, au 21 ukiwa na Kijerumani cha B1, yani ngazi ya kati. Jifunze Kijerumani jamani. Miezi sita hiyo ni mingi kuliko inavyosikika.

Hospitali

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo njia ambayo watu wetu wanaijua kidogo na kwao inahitajika zaidi.

Mashine ya mionzi ya kutibu saratani haiendeshwi na daktari peke yake. Daktari anasema uvimbe huu upate kiasi hiki, tuseme grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 25 vya grei 2, lakini ni mwanafizikia wa tiba anayehakikisha kwamba grei 2 za kwenye karatasi ndizo grei 2 zinazoingia mwilini, na kwamba uti wa mgongo ulio pembeni haupati zaidi ya unavyovumilia. Asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza mnapima mashine inatoa kiasi gani, ikitoka nje ya asilimia 3 mnasimamisha. Na kusimamisha maana yake ni kutoka nje kuwaambia watu waliosafiri kutoka Kigoma au Mtwara mpaka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, wasubiri.

Mashine za kobalti zina kitu kinachonigusa kila nikikifikiria. Nusu-maisha ya kobalti-60 ni miaka 5.27, yani chanzo kinapungua kama asilimia 1 kila mwezi. Kwa hiyo muda wa mgonjwa kulala chini ya mashine unabidi uhesabiwe upya kila mara, aliyekuwa analala dakika 2 chanzo kikiwa kipya, miaka mitano baadaye analala karibu dakika 4 kupata kiasi kilekile. Asipokuwepo mtu wa kufanya hiyo hesabu, hesabu ya kidato cha sita kabisa, mgonjwa anaondoka na dozi pungufu na hakuna atakayeona kwa macho. Mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika na Uganda nzima ikabaki bila tiba ya mionzi mpaka mpya ikafika 2017. Mashine ni nusu ya habari, nusu nyingine ni watu wanaojua kuzipima.

Sasa ukweli mchungu: PhD yako ya utando mwembamba au ya nadharia haikufanyi mwanafizikia wa tiba. IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, inapendekeza shahada ya uzamili ya fani yenyewe na angalau miaka 2 ya mafunzo hospitalini chini ya usimamizi. Njia moja nzuri ni ile masta ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia, na Chuo Kikuu cha Trieste, Italia, iliyoanza 2014, mwaka wa kwanza darasani, wa pili hospitalini. Yani daktari wa falsafa unarudi kukaa darasani na watoto wa miaka 24. Wapo waliokataa kwa sababu ya hilo tu na naona wamepoteza. Kasoro nyingine ni kwamba nafasi za ajira hufunguliwa chache chache, mshahara nyumbani ni wa serikali, na vipimo vikubwa unavifanya jioni au wikiendi wagonjwa wakishaondoka. Kuhusu namba yako inasubiriwa na nani, sidhani kuna njia nyingine kwenye orodha hii inayoikaribia.

Jotoardhi na wengine

Kwa anayetaka kukaa Kenya na afanye fizikia ya nje, jotoardhi iko juu sana kwenye orodha yangu. Olkaria, kule Naivasha, ilianza na mtambo wa megawati 15 mwaka 1981, leo karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya inatoka kwenye mvuke wa ardhini. Kabla ya kuchimba kuna watu wanaopima ukinzani wa ardhi, unafukia elektrodi na koili za sumaku, unaacha usiku kucha zirekodi mabadiliko ya asili ya uga wa dunia, asubuhi mnarudi mkikuta waya zimetafunwa mnaanza tena. Unachotafuta ni tabaka la udongo wa mfinyanzi linalopitisha umeme vizuri, maana mara nyingi ndilo kifuniko na hifadhi ya joto iko chini yake. Anayekusubiri ni mchimbaji, na kisima kimoja cha kilomita mbili tatu ni mamilioni ya dola. Kuna mafunzo ya miezi sita Iceland, programu iliyoanza 1979, Wakenya wengi wa fani hii wamepita hapo. Tanzania kuna TGDC, kampuni ya serikali ya jotoardhi, na maeneo kama Ngozi kule Mbeya, kasi ni ndogo zaidi. Kama PhD yako ni ya nadharia tupu utahitaji muda wa kuzoea jua na matope, ila hesabu za kugeuza vipimo kuwa picha ya chini ya ardhi zitakufurahisha.

Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania na mdhibiti wa nyuklia wa Kenya, KNRA, wanahitaji watu wa mionzi: kukagua mashine za eksirei, kupima vyakula, migodi. Kazi ya utulivu, ya kanuni, nzuri kwa anayependa utaratibu.

Uhadhiri nyumbani wanaouchagua wanauchagua kwa mapenzi ya kufundisha, na ni sababu nzuri. Mjue tu kwamba Tanzania matangazo mengi yanaangalia GPA ya digrii ya kwanza, mara nyingi 3.8, hata uje na PhD ya wapi, na Kenya wahadhiri wa vyuo vya umma wamegoma 2024 na 2025 wakidai hela walizoahidiwa.

Benki kubwa za London na New York nazo zinachukua wanafizikia tangu zamani, Emanuel Derman alitoka fizikia ya chembe akaingia Goldman Sachs 1985. Zinalipa kuliko zote hapa. Kama hesabu za nasibu ndizo raha yako jaribu, ila interviu zake ni ngumu na saa za kazi ni ndefu.

Kurudi chuoni baadaye

Kutoka data kurudi kwenye fizikia ya chuo ni vigumu, pepa zako zinazeeka. Kutoka hospitali ni rahisi zaidi maana hospitali za rufaa zimeshikamana na vyuo na utafiti unaendelea. Kutoka chipu inategemea nchi: Ujerumani vile vyuo vya sayansi tumizi vinataka profesa awe na miaka 5 ya kazi, angalau 3 kati yake nje ya chuo, kwa hiyo huko kiwanda ndicho kinachofungua mlango. Watu wengi hawalijui hili, wanaogopa kutoka bure.

Nikiambiwa nichague kwa niaba yako

Una watoto nyumbani, unahitaji kipato ndani ya miezi mitatu na unaandika programu vizuri: data, Nairobi au Dar, na anza SQL wiki hii. Uko Ulaya tayari, PhD ya maabara, mwenzi wako yuko tayari kukaa huko: chipu na vifaa vya optiki, usiende postidoki ya pili. Unataka kurudi, huna haraka ya miaka miwili, na unaweza kukaa na watu wagonjwa bila kukimbia: Trieste afu hospitali, na huyu ndiye ninayempigia debe zaidi. Unapenda pori kuliko ofisi: Olkaria. Nadharia iko kwenye damu na una nafasi nzuri mkononi kwa mtu anayelea wanafunzi wake: kafanye postidoki yako kwa amani, ila siku ya kwanza andika kwenye kalenda tarehe ambayo utaanza kuomba kazi nyingine.

Na wasifu wako ubadilishe kabla ya kutuma popote. Kampuni haisomi kurasa nane za machapisho. Kurasa mbili, na tasnifu iwe mistari mitatu: ulipima nini, ulijenga nini kwa mikono yako, kosa la kipimo au muda ulipungua kutoka wapi hadi wapi. "Nilichunguza sifa za optiki za utando wa oksidi ya titani" haimwambii kitu meneja, "nilijenga mfumo wa kupima unaojiendesha, sampuli iliyokuwa inachukua siku nzima ikawa saa mbili" anakupigia simu. Barua za wadhamini ziombe ukiwa bado kwenye maabara, msimamizi anakuona kila siku, siyo mwaka mmoja baadaye akiwa na wanafunzi wapya na kumbukumbu yako imeanza kufifia.